Binamu anataka nimwandikie kitanda

Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 64, muuguzi mstaafu, naishi Morogoro. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, watoto wanajitegemea, nami nimebaki na kuku, tuta la mchicha na daftari.

Daftari ndilo lililonileta kwako. Mwaka juzi mwanangu wa pili aliniomba niandike maisha yangu, akaahidi kuchapisha nakala hamsini za ukoo. Nikaandika "Nilizaliwa mwaka 1961 Kigoma", nikakwama hapo mwezi mzima. Sikuwahi kuwa mwanasiasa wala kwenda vitani. Nimechoma sindano watu, nimezalisha, nimestaafu. Usiku mmoja usingizi uligoma, nikaanza kuhesabu nyumba nilizowahi kulala kama mwenyeji. Nikapata nane. Asubuhi nikachukua daftari la hesabu la mjukuu, lile lenye viboksi, nikaichora ile ya kwanza: chumba, chumba, varanda, jiko la nje. Kumbe mkono una kumbukumbu zake. Nilipochora mlango wa jiko la Kigoma harufu ya dagaa walioanikwa ikanijia mpaka puani, nikaandika kurasa tatu bila kuinua kalamu.

Tangu siku hiyo nikawa naenda nyumba kwa nyumba. Baba alikuwa karani wa reli, na sisi watoto wa reli hatukuwa na kwetu, tulikuwa na uhamisho. Barua ikifika, vyombo vinafungwa kwenye magunia, vinapanda behewa, na mnaingia kota nyingine yenye namba mlangoni na rangi ileile. Kigoma, Dodoma, kisha Tabora mwaka 1970. Zangu mwenyewe zimekuja baadaye: bweni la shule, hosteli ya wauguzi Dar es Salaam, chumba cha kupanga Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na foleni ya choo alfajiri, nyumba ya serikali Iringa, na hii niliyoijenga kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali. Zote zimeandikika. Iliyonishinda ni ya Tabora.

Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, stoo, varanda ya mbele na jiko la nje. Sakafu nyekundu ya saruji, tukiing'arisha kwa nta kila Jumamosi. Uani kulikuwa na mwembe. Vitanda vilikuwa vya chuma, mali ya shirika, vimechorwa namba kwa rangi nyeupe. Nilipomaliza kuchora nikaanza kuwapanga watu: chumba cha kwanza baba, mama na kitinda mimba, chumba cha pili mimi na dada, kila mmoja kitanda chake. Nikagundua nimebakiwa na mtu mkononi na vyumba vimekwisha.

Huyo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Shangazi alikuwa mjane, analima upande wa Urambo. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba yake ikabomolewa na muhogo ukabaki shambani. Akamleta binti kwa baba "kwa muda, mpaka nijenge." Binamu alikuwa na miaka kama kumi na miwili, tumepishana miezi tu. Alikuja na kitambaa kimoja na mkeka, ukatandikwa stoo, kati ya gunia la mchele na debe la mafuta ya taa. Muda ule ukawa miaka mitano.

Hakusoma. Alikuwa ameishia darasa la pili, na hakuna aliyempeleka kuendelea. Mama alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima jioni, mara tatu kwa wiki. Anawafundisha wake za wenzetu a, e, i, o, u, na binamu yuko nyumbani na mtoto mgongoni, anaosha masufuria. Wakati ule sikuona kitu. Leo nikiandika sentensi hiyo, kalamu inakuwa nzito.

Mwaka 1976 nikaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, nikawa narudi likizo tu. Nakumbuka likizo ya kwanza: nimeshuka kwenye treni, nafika, nakuta godoro langu la sufi limeanikwa uani juani na shuka zimefuliwa. Nikajiona malkia. Bila shaka ilikuwa kazi ya binamu. Mwaka 1979 baba alistaafu, tukakabidhi funguo, wazazi wakahamia nyumba ya kupanga Ng'ambo, palepale Tabora. Binamu akarudi kwa mama yake, akaolewa. Tunasalimiana kwenye misiba.

Mwaka huu nilimpigia simu kumuuliza mwembe ulikuwa upande gani wa jiko, maana mimi na dada tulibishana. Akanijibu papo hapo. Akaniuliza naandika nini, nikamweleza. Akasema, "Na mimi nimo?" Nikasema umo. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Basi andika nilikuwa na kitanda."

Nikacheka kwa mshangao. Yeye hakucheka. Akasema wanawe na wajukuu wanajua amelelewa mjini kwa mjomba, kama mtoto wa nyumba ile, na nakala zikifika ukoo mzima wataisoma. Akaongeza, "Kilikuwa cha chuma, kina namba." Akaitaja namba yenyewe! Mimi niliyekilalia siikumbuki. Nadhani aliiona alipokuwa akifagia uvunguni.

Nilipomweleza dada, akawaka. Anasema kila nyumba ya mtumishi wakati ule ilikuwa na mtoto wa ndugu, si jambo la kuandika, na nitamwaibisha mama. Mama yupo, ana miaka 88, akili timamu, anaishi kwa dada. Dada anataka nimtoe binamu kabisa: "Andika nyumba, acha watu."

Kazini tulifundishwa kwamba dawa usiyoiandika kwenye faili, hujaitoa. Na uliyoiandika bila kuitoa ni kosa kubwa zaidi. Nimeishi kwa kanuni hiyo miaka thelathini na tisa. Sasa binamu ananiomba niandike dawa ambayo hatukumpa. Niandike mkeka na kumvua nguo mbele ya wajukuu zake? Niandike kitanda? Au nimfute, kama dada anavyotaka? Ukurasa wa stoo uko mtupu tangu mwezi wa tatu.

Mama wa Nyumba Nane
Morogoro

---

Dada yangu Mama wa Nyumba Nane,

Shikamoo. Umenizidi, tena umri tu ndio unaojulikana mpaka sasa. Kwa uandishi nitakujibu baadaye. Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi nikiwa na chai mkononi, na chai ikapoa.

Nikielewa vizuri, unaandika maisha yako kwa njia ya nyumba ulizokaa, na njia hiyo imekupeleka vizuri mpaka mlango wa stoo moja Tabora. Ndani ya stoo hiyo kuna binti ambaye leo ni bibi. Yeye ana ombi, dada yako ana katazo, nawe una kanuni ya faili. Hakuna kati yenu anayedanganya kwa nia mbaya. Ndiyo maana ni vigumu.

Kwanza niseme neno juu ya njia uliyoichagua, kwa sababu nadhani yenyewe ndiyo iliyokuletea matatizo, na ninaisifu kwa hilo. Mtu anayeandika maisha yake kwa miaka anaweza kumpita mtu kama binamu yako bila kumwona: 1974 nilikuwa darasa la sita, 1976 nikaingia kidato cha kwanza, mbele kwa mbele. Anayeandika kwa nyumba hawezi. Nyumba ina vyumba, vyumba vina usiku, na usiku kila mtu lazima awe amelala mahali. Ulipobakiwa na mtu mkononi, ramani yako ilikuwa inafanya kazi yake.

Hukuanza wewe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, na kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 zinaanzia kwenye jumba hilo: ua wake, mabwawa ya kuogea, bahari mbele. Kisha zinahamia jumba la Watoro alikopelekwa akiwa mtoto. Naye alisema mwanzoni aliyakusudia maandishi yale kwa ajili ya watoto wake. Ni masimulizi matamu. Lakini ukiyasoma leo unaona pia kwamba majumba yale yalijaa watumwa, na sisi tunawaona kwa macho ya binti wa bwana mwenye nyumba. Wale waliochota maji ya kujaza mabwawa hawakuachiwa daftari. Simfananishi binamu yako na mtumwa, wala baba yako na sultani. Alikuwa karani na alikuwa anamsitiri mtoto wa dada yake aliyebomolewa nyumba. Ninachosema ni kwamba simulizi ya nyumba mara nyingi huandikwa na yule aliyekuwa na chumba. Wewe umeliona hilo bila kuambiwa, ukiwa na daftari la viboksi.

Sasa niruhusu nikuulize mambo kadhaa. Si mtihani.

La kwanza: uliishi na binamu yako kwa muda gani hasa? Unasema alikaa miaka mitano. Yeye, ndiyo. Wewe, kwa hesabu ya barua yako, ulikaa naye kama mwaka mmoja na kitu, kisha ukaenda bweni na kuwa mtu wa likizo. Mkeka unaoukumbuka ni mkeka wa mwaka ule. Miaka mitatu na ushei iliyofuata, hukuwepo usiku. Kitanda chako kilikuwepo.

Nimerudia mara mbili ile sehemu ya godoro. Umeshuka kwenye treni, umelikuta juani, shuka zimefuliwa, ukajiona malkia. Inawezekana kabisa ni mapokezi tu; godoro la sufi linahitaji jua. Lakini wewe muuguzi unajua kwamba godoro huanikwa kwa sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba lilikuwa na mtu mpaka jana. Na ile namba. Uvunguni, unasema. Huenda. Lakini wengi wetu tumefagia uvungu wa vitanda vya watu kwa miaka na hatukumbuki namba hata moja. Sisemi alikilalia. Sijui, na wewe hujui, na dada yako, kama alikuwa bado yuko nyumbani miaka ile, anaweza kuwa anajua na hajasema kwa sababu hakuna aliyemuuliza hivyo. Nasema tu kwamba umelichukua ombi la binamu kuwa ni kuomba uongo, ukacheka. Yeye hakucheka.

Na hata kama hakuwahi kukilalia usiku mmoja, bado neno "kitanda" mdomoni mwake linaweza kuwa na uzito tofauti na ule wa mdomoni mwako. Hapa nitoke kidogo kwenye kiti changu cha ushauri. Mimi nimelelewa kwa mjomba, nikilala kwenye kochi la sebuleni lililokuwa na spring moja iliyotokeza, na mpaka leo najua ubavu gani wa kulalia. Wageni wakikaa mpaka saa nne, nami siwezi kulala mpaka saa nne. Nikiulizwa na wanangu nasema nililelewa vizuri kwa mjomba. Sidhani kama nawadanganya. Kochi lile sikulisahau, ila sitaki liwe jibu la kwanza mtu anapouliza mimi ni nani. Siku binamu yangu wa upande ule akiandika kitabu akasema "maskini alikuwa akilala kwenye kochi", nadhani nitaumia, na kitakachoniuma zaidi ni lile "maskini".

Swali jingine linahusu mama. Ninyi watatu mmezungumza: wewe na binamu kwa simu, wewe na dada kwa ugomvi. Bibi wa miaka 88 mwenye akili timamu anakaa chumba cha pili, na hajaulizwa. Dada anamlinda, na inaeleweka. Lakini anamlinda na nini? Inawezekana mama ameubeba usiku ule wa kisomo miaka hamsini na angependa mtu amuulize. Inawezekana ana maelezo ambayo mtoto wa miaka kumi na mitatu hakuambiwa: kwamba walijaribu shule na nafasi haikupatikana, au shangazi mwenyewe alitaka binti afundishwe kazi za nyumbani, au mshahara wa karani mmoja ulikuwa tayari unasomesha watoto wa watu watatu. Inawezekana pia hana maelezo yoyote, atasema "ndivyo ilivyokuwa", na utarudi Morogoro umemkosesha raha bure. Hatari ipo pande zote. Ila kumbuka alikuwa mwalimu. Kumwamulia mwalimu kwamba hawezi kulisikia swali nako ni kumvunjia heshima.

Tuzitazame basi njia zenyewe.

Ukiandika mkeka kama ulivyo, utakuwa umeitii kanuni yako ya faili, na ukurasa utakuwa na nguvu. Sentensi yako ya kisomo na masufuria ni nzuri mno, nitasema kweli. Hapo ndipo ninapoogopa. Sentensi nzuri ina ushawishi wake, na anayeilipia si aliyeiandika. Nakala hamsini ni chache Dar es Salaam, lakini kwa ukoo ni tangazo. Mjukuu wa binamu atasoma "stoo, gunia la mchele, debe la mafuta ya taa", atainua macho amtazame bibi yake aliyekaa kwenye kiti chake cha heshima. Na kubadilisha jina hakutasaidia. Kwa wasiowajua, ndiyo, jina linaficha. Kwa ukoo, nani asiyejua ni nani aliyekaa kota ile?

Ukiandika kitanda, utampa mtu jambo aliloliomba kwa kinywa chake, na si watu wengi wanaopewa nafasi hiyo. Lakini nadhani hutaweza kulala. Kitabu chako chote kimejengwa juu ya vipimo: mwembe upande gani, milango mingapi, sakafu rangi gani. Ukichora kitanda cha tatu katika chumba ambacho unajua hakikuwa nacho, utaanza kuushuku hata ule mwembe. Tena siri hiyo wanaijua wengine. Siku dada yako akikasirika kwenye kikao cha arusi, kitanda kitavunjika mbele ya watu, na binamu ataanguka kutoka juu zaidi kuliko mkeka.

Njia ya dada, "andika nyumba, acha watu", naiona kama busara ya siku moja. Jaribu kuiandika uone. Nani alichota maji? Sakafu ile iliyong'aa Jumamosi, magoti ya nani yalikuwa chini? Kitinda mimba alikuwa mgongoni mwa nani jioni za kisomo? Nyumba itajiendesha yenyewe kama ya hadithi za majini. Na binamu ameshauliza, "Na mimi nimo?" Umeshamjibu umo. Akipokea nakala asijione, atajua maana yake bila kuelezwa. Hata hivyo dada ana jambo moja mkononi ambalo usilitupe. Alivyosema kuhusu nyumba za watumishi ni kweli. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, kaya zikahamishwa kwa haraka, na watoto wengi walitawanywa kwa ndugu wenye mshahara. Serikali ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa kuanza shule awe ameingia darasani. Binamu yako wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano, umri umempita mlangoni. Ukiyaweka hayo kwenye ukurasa, stoo haiwi tena dhambi ya mama mmoja. Ila usiyatumie kuufunika ukurasa wenyewe. Historia ni blanketi zito, mtu anaweza kufichwa chini yake asionekane kabisa.

Kuna wanaofanya hivi: wanaandika wanachokumbuka wao, kisha wanaandika mwenzao anachosema, na kuviacha vikae bega kwa bega. "Mimi nakumbuka mkeka. Binamu anasema alikuwa na kitanda, na namba yake anaikumbuka." Mwanzoni inaonekana njia safi. Lakini sikiliza Kiswahili chenyewe. Kati ya "anasema" na "eti" kuna hatua moja tu, na msomaji wetu ni mwepesi kuivuka. Usipoangalia utakuwa umemwita mwongo kwa adabu. Labda mpangilio ungesaidia: aanze yeye na kitanda chake, kikiwa kamili, na mashaka yawe juu ya kumbukumbu yako, msichana wa bweni aliyekuwa akija likizo. Hayo mashaka, ukiniuliza mimi, unayastahili.

Au umpe kalamu. Siku hizi simu inarekodi. Kaa naye Urambo siku mbili, mweleze nyumba chumba kwa chumba, aseme ya kwake, mwanao anakili neno kwa neno, na iwe sura yake ndani ya kitabu chako. Naipenda njia hii, kwa hiyo niitilie shaka zaidi. Inaweza kuwa mnampa kazi nyingine ya nyumba ileile, miaka hamsini baadaye: njoo utusaidie kumaliza. Anaweza kukataa. Anaweza kusema mambo juu yako ambayo hukuyatarajia. Mtoto wa miaka kumi na mitatu mwenye kitanda na kiatu cha shule hakumbukwi na kila mtu kama anavyojikumbuka mwenyewe. Kama huko tayari kuyachapisha hayo kama yalivyo, usimfungulie kinasa sauti.

Kusubiri nako ni njia, ijapokuwa haina sifa. Sura saba zipo. Mwanao anaweza kuchapisha hizo na kurasa mbili nyeupe katikati zenye ramani tu ya kota ya Tabora, bila majina. Nimeona ajabu ya ramani: watu wa ukoo hukusanyika juu yake, huyu anaweka kidole hapa, yule anabisha. Huenda wajukuu wa binamu ndio watakaomuuliza, "Bibi, wewe ulikuwa wapi hapa?" na yeye ataweka kidole chake anapotaka. Tatizo la kusubiri wewe unalijua kuliko mimi. Umekaa wodini miaka thelathini na tisa. Mama ana 88. Ninyi wawili hamko nyuma sana.

Kuhusu kanuni ya faili, ruhusa moja ndogo. Faili la mgonjwa ni lake. Muuguzi anaandika, lakini yaliyomo ni mwili wa mtu mwingine, na ndiyo maana mlifundishwa pia kulifunga kabatini. Hukutaja kanuni hiyo ya pili kwenye barua. Nadhani unaijua vilevile.

Na lile deni la sentensi nzito, "wakati ule sikuona kitu": ulikuwa mtoto. Usijihukumu kwa macho ya mama wa miaka 64. Ila angalia usije ukaandika sura ya Tabora ili ujisafishe, halafu mwenye kulipia sabuni akawa binamu. Nalisema kwa upendo. Nami kochi langu limewahi kunifanya niandike barua kali kwa mjomba, nikashukuru posta ilichelewa.

Kama leo mchana una nafasi kabla ya kuku kurudi bandani, usiandike chochote. Mpigie. Usimwambie habari ya kitabu wala ya ukweli na uongo. Mwambie unataka kumalizia ramani, umefika chumba cha pili, na umesahau vitu vilivyopangwa. Muulize kitanda chenye namba ile kilikuwa upande gani wa dirisha, na mtu akiwa amelala pale usiku, treni ya Kigoma ikipita, alikuwa anaona nini.